Wino wa Kijani Msimu wa Kahawa

Jumatatu, 3 Juni

Kahawa ya kata yetu ya Ruanda haianzi kuiva mpaka mimi Othmar nipite shambani nikiwa nimefunga mikono nyuma. Si majivuno, waulizeni watu. Mwaka ule niliolazwa wiki tatu kwa ajili ya tumbo, kata nzima ilikaa na kahawa ya kijani mpaka nikaruhusiwa. Nilipokuwa narudi nyumbani na bodaboda, kahawa ilikuwa inageuka nyekundu nyuma yangu, mti kwa mti. Dereva yule yupo hai na anaweza kushuhudia, ingawa siku hizi anaishi Tunduru.

Mtu wa aina yangu kwa kawaida huandikwa na wengine. Darasa la sita niliacha mwenyewe, walimu walikuwa wamebaki hawana cha kunipa. Lakini msimu huu naandika kwa mkono wangu, maana nyumbani kwangu kuna jambo linafichwa, na siku likifumuka nataka tarehe ziwepo.

Jambo lenyewe ni Tadea. Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu Urban, nimemlea tangu yuko darasa la tano, sasa ana miaka ishirini na minne. Mwezi wa nne ilikuja barua ya posa kutoka Mbamba Bay, kwa Stephano, fundi wa injini za boti. Wazee wake watapanda huku Jumapili ya tarehe 18 Agosti, kahawa ikishakaa vichanjani kukauka. Mimi ndiye nitakayewajibu kwa niaba ya ukoo. Kijana sina ubaya naye. Ila Tadea tangu barua ije hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anasoma tu. Anasoma akichuma, anasoma akisubiri maji yachemke. Binti aliyeposwa anasoma nini?

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua anavyovisoma Tadea vinakotoka. Ni kwa nesi Asnath wa zahanati, mtu wa Musoma, Msabato, ana mwaka wa pili hapa. Siku ya kliniki ya watoto anakuja na makasha mawili ya bluu ya kubebea chanjo. Leo nilisimama mbali kidogo, kama mtu anayeangalia hali ya hewa. Kasha la kwanza lilitoka chanjo kweli. La pili lilipofunguliwa akina mama wakasukumana kama wanagombea sukari. Vitabu! Vyote vimevikwa gamba la kalenda za parokia, huwezi kujua kipi ni kipi.

Nikasogea.

"Shikamoo, Baba Mariana."

"Marahaba. Hivi ni nini?"

"Hadithi, baba. Hadithi za mapenzi."

Anatamka hivyo saa nne asubuhi, mbele ya watoto wachanga.

"Mapenzi?"

"Mapenzi safi. Watu wanapendana, wanamwomba Mungu, wanapata majaribu, wanafunga ndoa. Hakuna uchafu hata ukurasa mmoja. Nikuazime?"

"Kama ni safi mbona mmevifunika?"

"Visichafuke na utomvu wa kahawa, baba."

Jibu la haraka mno. Mtu mkweli huchelewa kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Maharage yameungua. Nimesema. Mke wangu Getrude kachukua chungu akaenda kukikwangua.

Jumanne, 11 Juni

Ukungu mpaka saa tano. Tumechuma upande wa juu. Tadea alicheka peke yake katikati ya miti. Nilipofika akawa anachuma kwa kasi ya ajabu, kitabu sikukiona.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekipata kimoja. Kilikuwa ndani ya tenga la Tadea, chini ya kanga. Nikakitia ndani ya koti na kuondoka nikiimba wimbo wa kanisani ili nisishukiwe.

Kinaitwa *Nitakungoja Mto Ukipungua*. Kinamhusu mwalimu mmoja binti, Debora, na fundi seremala anaitwa Gideoni anayekaa ng'ambo ya mto. Nimesoma kurasa mbili. Si kwamba nasoma polepole. Napeleleza, na upelelezi una mwendo wake.

Huyu Gideoni simwamini. Ukurasa wa kwanza tu anamchotea maji mama asiyemjua. Mwanaume gani anachota maji bila kuwa na lake?

Lakini jambo kubwa liko nyuma. Kumbe hawa akina mama wana utaratibu wao: kila aliyemaliza kitabu anaandika mstari ndani ya gamba la nyuma, kumshauri anayefuata. Mmoja kaandika, "Nimelia ukurasa wa 88, njooni na leso." Mwingine, "Kinafaa hata kwa mama mkwe." Mwingine, "Nilikuwa nimemnunia mume wangu, nikasoma, nikampikia." Kuna mmoja kwa wino wa buluu, herufi kubwa kubwa: "S., Mbamba Bay. Nimemaliza. Nitangoja." Huyo ni Stephano, kila mtu anajua vitabu vinashuka ziwani na pikipiki ya Nathaniel na kurudi vinanuka usipa, dagaa wa ziwa letu. Posa yake ni halali, aandike.

Halafu chini kabisa, kwa wino wa KIJANI, mwandiko mdogo, umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo:

"Kisomeni mkiwa mmeshaipua chungu. Mimi nimeunguza maharage."

Nimeusoma mstari huu mara kumi. Huyu anajipikia maharage mwenyewe. Basi hana mke. Kuna kapera ameingia kwenye vitabu vya wanawake, na sijui ni nani.

Jumatatu, 17 Juni

"Baba mdogo, hujaona kitabu?" Tadea kaniuliza.

"Kitabu gani?"

"Basi."

Hakurudia kuuliza. Getrude naye aliacha kuchekecha akanitazama. Nimekihamishia stoo, chini ya magunia matupu.

Jumatano, 19 Juni

Mwandiko wa kwanza wa kulinganisha. Nimemsimamisha Nathaniel barabarani, nikamwambia chama cha msingi kinaorodhesha waendesha pikipiki, aandike jina lake na neno "maharage".

"Maharage ya nini, mzee?"

"Utaratibu."

Anaandika kama kuku aliyekanyaga matope. Si yeye.

Jumatatu, 24 Juni

Mwandiko wa pili, Bernadi, karani wa mizani. Wa tatu, Alphonce, katekista wetu. Bernadi ana kalamu ya kijani kabisa, nikadhani nimemaliza kazi, lakini herufi zake zinasimama wima kama askari. Nilimuuliza amewahi kumwazima nani kalamu hiyo. Akasema, "Kila anayepima kahawa hapa anasaini nayo, Baba Mariana, hata nyumbani kwako. Zimeshapotea kumi." Haisaidii.

Alphonce aliniuliza kwa nini nataka aandike "maharage" na si "Baba Yetu".

Jumapili, 30 Juni

Ukurasa wa 40. Debora ana homa na Gideoni anakaa nje ya mlango, haingii, anaimba tenzi. Haingii! Nasubiri ateleze.

Jumamosi, 6 Julai

Baridi kali, vidole havikunjiki kwenye mashine ya kumenyea. Mashine ilikwama mara mbili. Niliwahi kuizungusha mashine kama hii kwa siku tatu bila kulala, mzungu mmoja wa misheni akapima moyo wangu akakuta unapiga kwa mpangilio wa mashine. Leo aliyeizungusha ni Getrude.

Jumanne, 9 Julai

Ukurasa wa 61, pembeni, kijani tena:

"Gideoni anamuuliza Debora 'umechoka?' mara tisa katika kitabu hiki. Nimehesabu. Kwa sababu hiyo tu kinafaa kusomwa."

Basi kapera huyu si mtu wa mchezo. Anahesabu. Anajua wanawake wanapenda kusikia nini. Mtu kama huyu akimlenga binti asiye na baba, anampata.

Jumamosi, 13 Julai

Maharage tena. Safari hii sufuria nayo.

Jumatano, 17 Julai

Nimeshuka Mbamba Bay kumwona Stephano mwenyewe. Sikutaka kumhukumu mtu bila kumpima. Huenda ana kalamu mbili.

Kulikuwa na mwera, upepo mkali wa ziwani, maji yamechafuka, boti zimevutwa juu mchangani, na yeye yuko chini ya turubai na injini imefunguliwa vipande vipande mbele yake kama nyama ya sikukuu. Akasimama, mikono yote grisi, akanipa kiwiko nishike.

"Shikamoo, baba. Umechoka na safari? Kaa hapa, huku hakuna upepo."

Umechoka! Nikamkodolea macho.

"Neno hilo umelitoa wapi?"

"Neno gani, baba?"

"Hilo. Umechoka."

Akacheka, akaona aibu kidogo. "Kwenye kitabu alichonitumia Tadea. Nilisoma, nikajiona mjinga. Mama yangu anachoma samaki tangu nimezaliwa, sijawahi kumuuliza hivyo. Nikamuuliza siku hiyo hiyo."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza nimevunja nini."

Nikampa karatasi. Akafuta mikono kwa mchanga na kitambaa, akaandika jina lake na "maharage" bila kuuliza kwa nini. Herufi kubwa kubwa, za duara. Si yeye wa kijani.

Akaniuliza jambo moja tu, macho yako kwenye injini. "Baba, Tadea amesema chochote?"

"Atasema tarehe kumi na nane."

"Sawa. Nilimwandikia kwamba nitangoja."

Akanipa usipa mkavu mfuko mzima. Njia nzima ya kupanda milima nilikuwa na hasira, na haikuwa juu yake. Kijana mnyoofu anangoja huku kapera mwenye wino wa kijani anamzunguka. Kama Tadea ana watu wawili, mimi siwezi kuwapokea wazee wa watu nikawadanganya usoni.

Jumatatu, 22 Julai

Miandiko imefika saba. Wa tano hadi wa saba ni wanaume wa kilima hiki, akiwemo Clemence jirani yangu, ambaye sasa akiniona anapiga kelele: "Othmar! Leo niandike kunde?"

Asnath naye alipita nyumbani. Amesimama uani na kusema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba *Nitakungoja* kimepotea tangu mwezi wa sita na kuna akina mama kumi na mmoja kwenye foleni. "Wote wamekisikia kinasifiwa," akasema. "Kuna mmoja amejifungua, alitaka akisome kwenye arobaini yake." Alikuwa ananitazama mimi. Nikamuuliza hali ya malaria.

Ijumaa, 2 Agosti

Ukurasa wa 104. Mto umejaa, daraja limekwenda, na baba mlezi wa Debora anataka kumwoza kwa mwenye duka wa upande huu. Huyo mlezi ni mtu wa hovyo kabisa, hasikilizi, anaongea yeye tu. Nilimkasirikia mpaka nikaacha kusoma nikaenda kutazama mbuzi.

Niliporudi nikaona pembeni. Kijani:

"T. akifika hapa asimame afikiri. Anayengoja bila kusukuma, huyo asiachwe."

T. ni Tadea, hakuna mwingine. Na anayengoja ni huyo huyo mwandishi, anajipigia debe! Sasa imetosha. Nalipeleka kwenye sengu ya ukoo.

Jumapili, 4 Agosti

Nimemwambia kaka mkubwa Bartholomayo kuwa Jumapili ijayo nina neno. Akauliza zito au jepesi. Nikasema posa inaweza kuvunjika. Akavua kofia, akaivaa tena.

Jumatano, 7 Agosti

Tadea ameosha kahawa siku nzima miguu ndani ya maji baridi. Ananiita baba mdogo kama kawaida. Sijamjibu vizuri.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika yote, hata kama mkono hautaki.

Kwa wasiotoka huku: sengu ni pale wanaume wa ukoo tunapokula pamoja kwa mkubwa wetu, kila nyumba inaleta chungu chake. Kwa ukoo wetu, jambo likishawekwa mbele ya chakula, hakuna anayenawa mikono ya kumaliza mpaka liamuliwe. Hata kama ni jioni. Na likiamuliwa halirudi nyuma. Niliyajua hayo nilipofungua mdomo.

Tulikuwa tisa. Ugali ulikuwa mbele yetu, na maharage ya Getrude yalikuwa bado hayajafika. Nikasema binti wa Urban ana mtu wa pili, na mtu huyo anamwandikia ndani ya vitabu vya nesi, kwa hiyo watu wa Mbamba Bay wazuiwe wasije. Nikatoa kitabu kwenye koti.

Nyuma yangu, upande wa jikoni, nikasikia sauti ya Tadea: "Kumbe ni yeye aliyekichukua!" Akina mama wengine wakamnyamazisha.

"Soma hayo aliyoandika," akasema Bartholomayo.

Nikasoma ule wa ukurasa wa 104. Wakatazamana.

"Hapo ni mahali gani pa hadithi?" akauliza Clemence, ambaye mama yake ni wa ukoo wetu. "Hatuwezi kuhukumu kipande."

Nikawasomea ukurasa. Nilitembeza kidole ili nisiruke neno. Nilipofika mahali mlezi anapomfungia Debora ndani, kaka mkubwa akatema mate pembeni. "Mshenzi. Endelea." Nikaendelea. Matonge yalikuwa yamekauka mikononi mwa watu.

"Sasa je, Gideoni anavuka mto?" kaka akauliza.

"Sijafika."

"Tangu lini unacho kitabu?"

"Mwezi wa sita."

"Othmar! Miezi miwili!" Clemence alicheka mpaka akashika ubavu. "Mto umeshapungua na kujaa tena!"

Bartholomayo akanyoosha mkono, kicheko kikakatika. "Mwandiko ni wa nani?"

Nikatandika karatasi zangu saba, nikaeleza: si Nathaniel, si karani, si katekista, si Stephano, si Clemence, si yule wala yule. Ni kapera, anajipikia. Ni mtu wa hapa hapa, anamjua Tadea. Nikasema asipojulikana leo, kwa heshima ya ukoo posa ikatwe. Kaka alizitazama karatasi moja moja. Nilimwona anataka kukubali, maana mimi ndiye mlezi, na sengu haimpuuzi mlezi. Jikoni hakuna aliyetikisa hata kijiko.

Ndipo Getrude akaja na bakuli la maharage. Mwanamke huleta chakula, anaweka, anaondoka. Akaweka. Hakuondoka.

"Shemeji, naomba kusema."

"Sema, Mama Mariana."

"Mwandiko huo ni wangu."

Nikasema si kweli, anamkingia mtoto. Bartholomayo akaagiza kalamu. Ilikuja ya kawaida, nyeusi. Getrude akapiga goti, akageuza karatasi ya katekista, akaandika ameiweka juu ya paja, akampa kaka. Kaka akaisoma, akampa jirani yake, ikazunguka watu wote ikafika kwangu mwisho. Mwandiko mdogo, umelala upande:

"Wazee kuleni, maharage yanapoa."

"Othmar," akasema kaka. Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa nafuu. "Umeoa lini?"

"Miaka ishirini na miwili iliyopita."

"Na hukuujua mwandiko wa mkeo."

"Sijawahi kuuona, kaka. Hajawahi kuniandikia."

"Na maharage kuungua?"

Nikaanza kukusanya karatasi zangu. Clemence alikuwa ameinamisha uso kwenye bakuli, mabega yanatikisika.

Kaka akamgeukia Getrude. "Wewe nawe. Kama ulikuwa na neno la kumshauri binti, mbona hukumwambia kwa mdomo? Mnalala nyumba moja."

"Nyumba ile, shemeji, msemaji ni mmoja."

Hakuna aliyecheka hapo.

Iliamuliwa hivi: Tadea hana kosa. Wageni waje Jumapili kama walivyoahidiwa. Mimi niupe ukoo jogoo kwa kuchafua jina la binti, na kitabu kirudi kwenye foleni, nikishakimaliza, maana kaka mkubwa anataka nimwambie kama Gideoni anavuka. Tukanawa mikono.

Jumatatu, 12 Agosti

Hakuna la kuandika.

Jumanne, 13 Agosti

Nimemkuta Getrude vichanjani, anageuza kahawa. Nikasimama upande wa pili. Nikachambua kidogo mbegu zilizovunjika, nisionekane nimesimama tu.

"Kwa nini hukuniambia kuwa unasoma?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini?"

"Chochote, Baba Mariana."

Nikageuza kahawa ambayo ilikuwa imeshageuzwa.

"Umechoka?" nikasema.

Akaacha kazi, akaja upande wangu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Unaumwa?"

Alhamisi, 15 Agosti

Misa ya Bikira Maria kupalizwa. Nilimwomba Tadea msamaha njiani, kwa ufupi, tukiwa tunapanda, ili pumzi zisiruhusu maelezo marefu. Nikamuuliza, mbona tangu mwezi wa nne hujajibu, si ungeniambia unamtaka au humtaki, nisingefika nilipofika.

"Barua ilikuja kwako, baba mdogo. Mkaipokea, mkaijadili, mkapanga tarehe. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize mimi."

Kila mtu katika nyumba ile alikuwa anasubiri kuulizwa, na mimi nilikuwa nazunguka kilima nawauliza wanaume waandike maharage. Ndiyo hivyo. Nimeandika.

"Basi nakuuliza."

"Sasa umechelewa," akasema, "nimeshajiandaa kujibu mbele ya watu. Jumapili." Akanipita, akatangulia na wenzake. Sikujua kama anacheka.

Jumamosi, 17 Agosti

Jogoo kachinjwa. Sikuonja, meno yananisumbua.

Jumapili, 18 Agosti

Wamefika saa sita, watu saba, na gari la kukodi lililochemka mara mbili mlimani. Stephano amevaa shati jeupe lakini grisi haijatoka kwenye kucha. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu ukoo wetu na jinsi babu yangu alivyochimba mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha mlimani, kilima kizima kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ugoro. Nikaifupisha. Nikasema, "Karibuni. Kabla mimi sijasema neno, aulizwe mwenyewe."

Wazee wa Mbamba Bay wakashangaa kidogo, kwao nako swali hilo huja mwishoni kabisa. Bartholomayo akaitikia kwa kichwa. Tadea akaletwa, yuko kati ya Getrude na Asnath, ambaye alikuja na gauni la njano bila kuitwa na mtu.

"Tadea, binti wa Urban," nikasema. "Unawajua wageni hawa?"

Desturi ni kwamba akisema hawajui, wanaondoka na zawadi zao. Tadea alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nikamtazama Stephano: hakumkonyeza, hakuinua kichwa, mikono iko magotini, anangoja. Mzee mmoja wa kwao akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu watu waliosikia tuhuma zangu wiki iliyopita, na kufikiri kwamba akisema hapana leo ni kwa sababu yangu, na kijana huyu atashuka mlima na zawadi zake kwa sababu yangu.

"Nawajua," akasema Tadea. "Na nimekubali mwenyewe. Sijasukumwa na mtu."

Vigelegele vikaanza kwa Asnath.

Jumatano, 21 Agosti

Kahawa ya mwisho imeanikwa. Clemence amekuja kuazima ungo na kuuliza kama Gideoni amevuka. Nimemwambia apange foleni.

Jumamosi, 24 Agosti

Zimebaki kurasa kumi na nane. Jana Asnath alinikumbusha kuwa mama mwenye arobaini bado anangoja, kwa hiyo leo mchana nilimfuata Getrude vichanjani nikiwa na kitabu. Nikamwambia miwani yangu imevunjika, kwa hiyo labda yeye asome kwa sauti na mimi nitamchambulia kahawa yake.

Alinitazama, akafuta mikono, akakaa kwenye kigoda, akaanza. Anasoma vizuri kuliko katekista, habahatishi. Gideoni akisema, anafanya sauti nzito. Nimechambua kichanja kizima na nusu ya cha pili, na wanaume wawili walipita njiani wakaniona, sikujificha. Tumeishia ukurasa wa 131, maji yako kiunoni mwa Gideoni. Kesho baada ya misa tutaendelea.

Miwani haijavunjika. Asubuhi niliikalia makusudi, mara mbili, ikakataa. Iko kwenye soksi, ndani ya buti la mvua, na nimeiombea isionekane kabla ya ukurasa wa mwisho.